Korosho ni mali ya mkulima: kwa nini Serikali iache kumchagulia mnunuzi

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu Novemba 2018, leo nimeamua kulimwaga lote. Uzi ni mrefu, anayechoka njiani apumzike halafu arudi.

Mimi ni mtoto wa Newala, juu kule kwenye uwanda wa Wamakonde. Kwetu mkorosho ndio ada ya shule, ndio bati la nyumba, ndio sanda. Mwezi wa kumi mama akisema "pesa ipo chini ya mti" anamaanisha hivyohivyo: inama uokote.

Msimamo wangu nauweka mapema. Korosho ambayo mtu ameipalilia, akaipulizia salfa, ile dawa ya ubwiri unga, akaiokota mpaka kiuno kikakataa kunyooka, ni mali yake. Na mali yako ni ile unayoweza kumuuzia umtakaye, kwa bei mliyopatana, siku unayotaka wewe. Ukinyimwa hilo, umebaki kibarua kwenye shamba lenye jina lako.

Babu yangu alikuwa na mikorosho mingi kwenye kijiji cha zamani. Operesheni Vijiji ilipofika miaka ya 1974 na 1975, wakahamishwa. Kijiji kipya kikawa mbali na miti. Mtu akamke alfajiri, atembee mpaka kwenye mahame yake, apalilie, aokote, abebe mzigo kichwani kurudi. Wengine waliacha. Nilipokuwa mdogo babu alinipeleka mara moja kule mahame. Msitu ulikuwa umeingia kati ya mistari, mikorosho imesongwa, matawi yanatafuta jua kwa shida. Alishika shina moja, akaliita kwa jina la mtu aliyelipanda naye. Hakulalamika. Aligeuka tukarudi.

Sasa angalieni takwimu za nchi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho, tukiwa miongoni mwa wakubwa wa dunia. Kufika 1986/87 tulikuwa na tani kama 16,500. Haikuwa vita wala ukame wa miaka kumi na tatu. Watu walitengwa na miti yao, vyama vya ushirika vikafutwa mwaka 1976, mnunuzi akabaki mmoja, mamlaka ya Serikali, ambayo bei yake ilikuwa inatangazwa kama matokeo ya mtihani: huna pa kukata rufaa. Nisimwonee mtu, ugonjwa wa ubwiri unga nao ulishambulia vibaya. Lakini nani atanunua salfa na kupanda juu ya mkorosho kwa bei isiyorudisha hata gharama ya palizi? Wakati huohuo nchi ikajengewa viwanda vikubwa vya kubangua, kwa mikopo. Vingi vikakaa kimya kwa sababu korosho zenyewe hazikuwepo. Mkopo ulibaki palepale.

Kuanzia 1991/92 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua. Walikuja na magari, na mizani zao, na pesa mkononi. Wapo waliochezea mizani, nitalisema hilo hapo chini. Lakini watu walirudi kwenye miti. Ilipofika 1999/2000 mavuno yalikuwa yamepita tani 120,000. Hakuna mkuu wa wilaya aliyewalazimisha kupalilia. Waliona faida.

Ndipo tunafika 2018.

Msimu wa 2017/18 ulikuwa rekodi: zaidi ya tani 313,000, na mnadani kilo ilivuka shilingi 4,000. Mwezi Juni 2018 Bunge likabadilisha sheria. Ile asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, iliyokuwa inarudi kuhudumia zao, ikaelekezwa Hazina yote. Wabunge wa kusini walipiga kelele wakashindwa kwa kura. Ushuru wenyewe ni asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kinachochukuliwa ni kilicho kikubwa. Watu husema unalipwa na mnunuzi wa nje. Mnunuzi wa nje anajua bei ya Vietnam na India, anapiga hesabu kurudi nyuma: meli, ushuru, ghala, gari. Kinachobaki ndicho anachomwandikia mkulima kwenye sanduku la zabuni.

Oktoba bei ya dunia ilikuwa imeshuka. Minada ya Newala na Tandahimba ikaleta bei za 1,900 hadi 2,700. Wakulima wakakataa. Hilo nililishangilia, ni haki yao: mwenye mali amesema hapana. Kama ingeishia hapo, wanunuzi na wakulima wangevutana wiki mbili tatu, wangekutana mahali. Lakini Serikali iliingia kati. Ikataka bei isipungue 3,000. Wanunuzi wakaja kwa kusuasua. Tarehe 10 Novemba mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara, wakaondolewa. Tarehe 12 Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kupitia Benki ya Kilimo, na Jeshi la Wananchi lisombe.

Mzee wangu siku ile alifurahi, siwezi kuwadanganya. Alinipigia simu anacheka. Alikuwa na magunia ishirini na nne chamani, kwenye ghala la ushirika, karibu kilo 1,900. Akaanza kuhesabu bati.

Kisha likaja sharti: mwenye zaidi ya kilo 1,500 ahakikiwe kwanza kama kweli ana shamba, asije akawa kangomba, mlanguzi anayenunua korosho kwa magendo. Yaani mtu aliyelima sana ndiye aliyeshukiwa. Mzee akasubiri wahakiki. Wakaja, wakahesabu miti, wakaandika, wakaondoka. Desemba ikapita. Januari mdogo wangu akatakiwa kuripoti kidato cha kwanza na godoro, ndoo, jembe na sare. Mzee aliuza mbuzi wanne, kwa bei ya mtu mwenye haraka, wakati kilo 1,900 za korosho zake ziko ghalani na haruhusiwi kumuuzia mtu mwingine hata kilo moja. Pesa iliingia mwishoni mwa Aprili. Palizi ya msimu uliofuata ilikuwa imeshachelewa.

Na korosho zenyewe? Januari 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Indo Power ya Kenya kununua tani 100,000. Mei ukavunjwa. Korosho ziko ghalani. Anayeijua korosho anajua kinachotokea: uzito unapungua, na mnunuzi akija anakata sampuli kwa kisu anapima ratili ngapi za kiini zinatoka kwenye gunia la kilo 80. Kiini cheupe kikianza kugeuka rangi, bei inashuka na wewe.

Mfanyabiashara akikosea hivyo, anauza gari lake, anauza nyumba, mwakani humwoni. Kwa kosa hili sijaona aliyeuza nyumba. Lililipwa na kodi ya sabuni anayonunua mama yangu.

#2

Nimeweka kambi hapa. Mkuu umenikumbusha Nachingwea.

#3

Mleta uzi umeandika kwa uchungu lakini umeruka jambo moja kubwa. Hao "wafanyabiashara huru" ndio kangomba. Mimi ni wa Masasi, nimewaona. Anakuja mwezi wa tatu wakati watu hawana chakula, anakupa hela ya unga, Oktoba anazoa gunia zima. Anapimia bakuli badala ya mizani, na bakuli lenyewe limetengenezwa kubwa. Mama zetu wamelia. Serikali ilikuja kumlinda mnyonge, na wewe unataka tumrudishie mbwamwitu zizi. Uhuru wa mtu mwenye njaa kujadiliana bei ni uhuru gani?

#4 Mleta uzi

Ndugu wa Masasi, swali lako ndilo lililonifanya niandike, kwa hiyo nakujibu bila kukwepa.

Shangazi yangu aliuza kangomba Machi 2018. Mtoto wake alikuwa amelazwa, inahitajika damu na dawa na nauli. Alichukua shilingi 120,000 kwa ahadi ya gunia moja la kilo 80. Piga hesabu: 1,500 kwa kilo. Baadaye Serikali ikatangaza 3,300. Kila mtu kijijini akasema shangazi ameibiwa nusu na zaidi.

Mimi nilimuuliza mwenyewe. Akasema: "Mwanangu, siku ile nilizunguka. Chama hakikopeshi. Benki iko mjini na inataka hati. Ndugu zangu nyote mlikuwa hamna. Yule kijana alikuja na pesa saa mbili usiku." Mtoto yupo, yuko darasa la sita.

Je, bei ilikuwa kali? Kali mno. Lakini tazama kilichofuata baada ya msako. Kangomba wakakamatwa, korosho zikataifishwa. Wale wawili watatu waliokuwa wanapita kijijini kwetu wakabaki mmoja. Machi 2019 huyo mmoja alikuwa anatoa 1,000 kwa kilo, kwa sababu anahesabu na hatari ya kukamatwa, na anajua shangazi hana mwingine wa kumwendea. Shida ya mama haikupigwa marufuku. Kilichopigwa marufuku ni mlango wa pili na wa tatu, ule wa kwanza ukabaki wazi gizani, na bei ya gizani.

Bakuli kubwa ni wizi. Nakubaliana nawe kabisa. Kazi ya Serikali ni hiyo: kupima mizani, kumfunga anayechakachua, kusikiliza kesi ya mkulima aliyedhulumiwa kwa wiki mbili badala ya miaka miwili. Hiyo kazi ni kubwa na haifanyiki ipasavyo, huku maafisa wakizunguka na pikipiki kutafuta nani ameuza gunia kwa nani.

Unauliza uhuru wa mwenye njaa ni uhuru gani. Ni mdogo, kweli. Ndiyo maana usimpunguzie tena. Mwenye njaa akiwa na wanunuzi watano ana nguvu kuliko akiwa na mmoja, hata kama huyo mmoja amevaa suti na ana nia njema.

#5

Salamu kutoka Kilifi. Nyinyi mna bahati mnabishana juu ya bei, sisi huku tunabishana kama bado kuna mikorosho. Serikali yetu ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi mwaka 2009, ikisema twalinda viwanda na kazi za vijana. Maneno mazuri sana, yalipigiwa makofi. Lakini mnunuzi wa nje akishafukuzwa, mwenye kiwanda wa ndani hana sababu ya kukupa bei nzuri, ataipata korosho yako tu. Kwetu baba alipoona hesabu haikai alikata miti sita ya kando ya nyumba akauza makaa. Mkorosho wa miaka thelathini! Sijui kama alikosea. Mimi namuunga mkono mleta mada.

#6

Nimewahi kuwa karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, huko Tandahimba, misimu mitatu, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Kabla ya stakabadhi ghalani, yaani kupeleka mzigo ghala la chama ukauzwe mnadani, mkulima hakujua bei ya kijiji cha jirani. Mnada ulileta uwazi. Bei inasomwa hadharani, wakulima wamekaa chini ya mwembe, sanduku linafunguliwa mbele yao, wakikataa wanakataa. Mleta uzi mwenyewe ameshangilia walipokataa 2018. Wangekataa wapi kama kila mmoja anauza peke yake mlangoni kwake?

Lakini na mimi nitakuwa mkweli. Mjengeko wa bei ulikuwa unanitesa. Unamsomea mzee: bei ya mnada hii, toa ushuru wa halmashauri, toa chama kikuu, toa chama cha msingi, toa ghala, toa usafirishaji, toa gunia na kamba. Anakuangalia. Anajua wewe ndiye umekata, kumbe wewe unasoma karatasi. Zamani kulikuwa na malipo ya kwanza, ya pili, halafu majaliwa, yaani ziada kama ipo. Liwale Aprili 2013 nyumba zilichomwa kwa sababu ya hayohayo malipo ya pili. Nilikuwa nalala na daftari chini ya mto.

#7 Mleta uzi

Karani, asante sana. Wewe umeandika kitu ambacho ningependa kila mtu akisome mara mbili, hasa pale kwenye daftari.

Mnada sina ugomvi nao. Mnada ni soko. Wanunuzi ishirini wakishindana kwenye sanduku moja, hilo ndilo ninalolitetea. Ugomvi wangu ni neno moja: lazima.

Turudi kwenye mwanzo wa jambo. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ni ya mwaka 2005, na korosho ziliingia kwenye mfumo 2007. Wazo la stakabadhi ni zuri kuliko mnavyodhani: unapeleka mzigo ghalani, unapewa karatasi, ile karatasi unaipeleka benki kama dhamana, unakopa, unasubiri bei ipande. Yaani dawa ya kangomba ilikuwa humohumo! Mkulima mwenye karatasi asingehitaji kuuza kwa shida. Lakini karatasi ikageuzwa kuwa kizuizi. Badala ya kuwa dhamana mkononi mwa mwenye mali, ikawa risiti ya kuonyesha umefikisha mzigo kule ulikoamriwa.

Sasa fikirieni chama ambacho mkulima anaweza kukihama. Karani akichelewesha malipo, msimu ujao mzigo unakwenda chama cha pili, au kwa mnunuzi binafsi, au kwa akina mama wanaobangua wenyewe pale kijijini. Makato yangeshuka bila waziri kutoa tamko. Chama kizuri kisingepoteza mtu. Kwa nini chama kizuri kihitaji polisi barabarani wa kukamata gunia linalokwenda kwingine? Hapo kwenye kizuizi cha barabarani ndipo mkulima anapoambiwa kwamba hajui kinachomfaa, na anayemwambia hajawahi kupuliza salfa.

Na hili la kuuza "peke yake mlangoni" lilikuwa la miaka ya tisini. Leo mama yangu ana simu. Anajua bei ya Mtwara kabla karani hajaisoma. Wakubwa hapa mtakumbuka wakati shirika la simu lilikuwa moja: unaomba laini, unasubiri mpaka unasahau kama uliomba. Kampuni binafsi zilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1990, miaka haikuwa mingi kijiji kizima kikawa na simu mfukoni, na haikuhitajika operesheni yoyote.

#8

Mleta uzi, mbona unaruka 2024? Mnada wa kwanza msimu ule kilo ilipita 4,000, kwa mfumo huohuo wa stakabadhi na mnada wa kielektroniki, na wakulima walipata salfa ya ruzuku. Mavuno yakapanda mno. Hapo Serikali ilikosea nini?

#9 Mleta uzi

Haijakosea, na nilifurahi kama wewe. Mama alijenga choo cha matofali msimu ule, na mimi nikapunguziwa mzigo wa kutuma pesa.

Ila angalia kilicholeta bei. Soko la dunia lilikuwa juu, na wanunuzi waligombania kwenye mtandao badala ya wachache kukutana chumbani. Ushindani ulipoongezwa, bei ilipanda. Hakuna aliyetangaza 4,000 kutoka jukwaani. Mwaka 2018 bei ilitangazwa jukwaani, na mzee wangu alilipwa Aprili.

Salfa nayo, tuseme ukweli wake. Inaitwa ya ruzuku, lakini inatoka kwenye ushuru wa korosho zilezile. Mkulima amekatwa, amezungushiwa, amerudishiwa mfuko, amepiga makofi. Ningekuwa mimi, ningemwachia pesa yake. Yupo ambaye miti yake ni michanga na hahitaji salfa mwaka huu, anahitaji vibarua wa palizi. Yupo anayehitaji kuezeka nyumba. Kila shamba lina shida yake, na aliye Dodoma hawezi kuziona zote hata awe malaika, kwa sababu nyingine hata mwenye shamba anazijua asubuhi ileile akifika chini ya mti.

#10

Swali dogo tu mkuu. Baada ya 2018 mzee alifanya nini? Aliendelea kupeleka chamani?

#11 Mleta uzi

Alipeleka. Hakuna pengine pa halali.

Ila msimu wa 2019 alipeleka magunia kumi na saba. Nikamuuliza mengine yako wapi, mvua ilikuwa nzuri. Akanionyesha nyuma ya nyumba. Alikuwa amenunua kikata cha mkono cha kubangulia, na shangazi na mama walikuwa wamekaa kwenye mkeka, mikono wamepaka majivu kwa ajili ya ule utomvu unaochubua ngozi. Wanabangua, wanamenya, wanapanga nzima upande huu, vipande upande ule. Zile nzima zilipanda basi la usiku kwenda Dar kwenye begi la nguo, mimi nikazipokea Mbagala saa kumi na moja alfajiri, nikaziuza kwa pakiti maofisini.

Kila kilo iliyobanguliwa ilitulipa kuliko bei ya ghala, na pesa ilikuwa mkononi siku ileile. Mzee alifariki 2022. Kikata kipo, shangazi anacho, na mwaka huu ameniambia nimtafutie kingine cha pili, majirani wawili wanataka kuanza.